Zarathustra ya pili: watu saba, chumba kimoja, miaka 39 baadaye

Mwaka juzi kwaya moja ilikuja studioni kwangu hapa Iringa kurudia nyimbo ilizorekodi kwenye kaseti miaka ya 1980. Nilipanga kazi kama ninavyoipanga siku zote: kinanda kwanza, besi ifuate, ngoma baadaye, kisha sauti mojamoja, kila mtu kwa zamu yake akiwa na hedifoni masikioni zinazompigia kliki ya kushika mwendo. Mwalimu wa kwaya, mzee aliyeimba sauti ya nne kwenye kaseti ile ya kwanza, alizivaa hedifoni, akasikiliza kama dakika moja hivi, akazivua.

"Mwanangu, hii saa inayolia humu ndani inamngoja nani?"

"Haimngoji mtu, mwalimu. Sisi ndio tunaifuata."

"Basi itoe. Sisi huwa tunangojana."

Nikaitoa. Tukatandika mablanketi ukutani, tukasimamisha mikrofoni nne, wakaimba wote kwa pamoja. Kila wimbo ulirudiwa mara mbili, mmoja tu ukafika mara tatu. Ukisikiliza kazi ile leo unasikia kiti kikilia, unasikia mama mmoja wa sauti ya kwanza akivuta pumzi kabla ya ubeti, na unasikia jinsi besi wanavyochelewa kidogo, kidogo sana, ili soprano wafike. Hakuna mashine ingenipa kile kichelewo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizitafuta rekodi za namna hiyo popote zilipo, za watu waliorudi kwenye kazi yao ya ujanani wakaipiga tena kwa mkupuo mmoja. Ndivyo nilivyofika kwa Museo Rosenbach, bendi ya Italia, na albamu yao ya 2012, *Zarathustra – Live in Studio*. Naandika haya kwa sababu nimeisikiliza kwa miezi sasa na sijampata mtu wa kuzungumza naye kwa Kiswahili juu yake.

Kwa asiyeujua muziki huu: vijana wa Ulaya waliokulia kwenye roki walianza, mwishoni mwa miaka ya 1960, kuzirefusha nyimbo na kuzipa sura na milango kama hadithi ndefu. Wimbo mmoja unaweza kujaza upande mzima wa santuri. Unaanza kwa kinanda kinachonong'ona, unapanda hadi gitaa linanguruma, unakatika, unarudi na midundo isiyohesabika kwa nne. Waitaliano huuita *prog* kwa kifupi. Na wao waliupa giza la kwao. Miaka ile ya mwanzo ya 1970 Italia ilikuwa nchi yenye hofu. Bomu la Piazza Fontana, Milano, tarehe 12 Desemba 1969, liliua watu 17 ndani ya benki, na baada yake mabomu na risasi vikawa sehemu ya habari za kila siku. Muziki uliotoka humo una makanisa, makaburi na vifo. Balletto di Bronzo walitoa *Ys* mwaka 1972. Goblin walipiga muziki wa filamu ya kutisha *Profondo Rosso* mwaka 1975. Katikati ya hao wawili, 1973, kuna *Zarathustra*.

Museo Rosenbach walitoka Liguria, ule ukanda mwembamba wa pwani, upande wake wa magharibi kati ya Genova na mpaka wa Ufaransa, kule Sanremo na Bordighera. Ni pwani ya maua na wazee wanaokwenda kupumzika, na kila mwaka Sanremo hujaa waimbaji wa nyimbo za mapenzi kwa ajili ya tamasha lake. Humo humo vijana watano wakatunga kitu kizito kama mlango wa chuma. Stefano Galifi aliimba. Walimwita Lupo, mbwa mwitu. Enzo Merogno alipiga gitaa, Pit Corradi vinanda, Giancarlo Golzi ngoma. Alberto Moreno alipiga besi na piano, na ndiye mtunzi wa muziki. Maneno aliandika Mauro La Luce. Santuri ilitolewa na Ricordi, nyumba ile ile ya Milano iliyokuwa ikichapa opera za Verdi na Puccini.

Upande wa kwanza wa santuri ni wimbo mmoja wa zaidi ya dakika 20 wenye sehemu tano. Majina yake kwa Kiswahili yangekuwa Mtu wa Mwisho, Mfalme wa Jana, Ng'ambo ya Mema na Mabaya, Mtu Mkuu, na Hekalu la Saa za Mchanga. Upande wa pili una nyimbo tatu: moja ya wanadamu, moja ya maumbile, na ya mwisho ni ya marejeo ya milele. Yote yametokana na kitabu cha Mjerumani Friedrich Nietzsche, ambamo mtu aitwaye Zarathustra anashuka kutoka mlimani kuja kuwafundisha watu.

Kuna jambo moja hapa linalonipendeza sana. Sehemu ya kwanza ya kitabu kile iliandikwa Liguria. Majira ya baridi ya mwaka 1882 kuingia 1883 Nietzsche alikaa Rapallo, upande wa pili wa Genova, akitembea kwa miguu kando ya ghuba kuelekea Portofino, mgonjwa, halali vizuri. Yeye mwenyewe alisema aliiandika kwa siku kumi hivi. Kwa hiyo vijana wa Bordighera, walipokwenda kwa Nietzsche miaka 90 baadaye, walikuwa wakichukua kitu kilichozaliwa kwenye pwani yao wenyewe, mbele ya bahari ile ile.

Na jina lenyewe, Zarathustra, si geni kwetu kama linavyosikika. Ni nabii wa kale wa Uajemi, ambaye Waparsi wanamfuata mpaka leo. Waparsi waliishi Unguja, walikuwa na hekalu lao la moto kule, na mtoto wao mmoja aliyezaliwa Mji Mkongwe Septemba 1946, Farrokh Bulsara, dunia nzima inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Alipofariki 1991 aliagwa kwa sala za dini hiyo.

Sasa niseme juu ya kava, kwa sababu siwezi kulipita.

Kava la 1973 ni jeusi. Katikati yake kuna uso uliotengenezwa kwa vipande vya picha vilivyobandikwa pamoja, na kipande kimoja kati ya hivyo ni sanamu ya kichwa cha Mussolini, dikteta wa kifashisti wa Italia. Nilipoikuza picha kwenye kompyuta na kumwona, niliifunga. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Mwaka 1941 askari wa Tanganyika, Kenya na Uganda walipelekwa Somalia na Ethiopia kupigana na majeshi ya Mussolini, hadi Gondar, ngome ya mwisho, ilipoanguka mwezi Novemba. Babu alirudi na kikohozi na sufuria ya bati ya Kiitaliano, na jina hilo nyumbani kwetu lilitajwa kwa sauti ya chini. Sikuweza kusikiliza kitu kilichobeba uso huo bila kuuliza kwanza unatafuta nini hapo.

Niliuliza kwa njia pekee ninayoijua, kwa kusikiliza maneno. Kiitaliano nilijifunza kidogo ujanani, nilipokuwa msaidizi kwenye karakana ya misheni, na nilikaa na kamusi jioni nne. Sikukuta sifa za dola wala za askari. Nilikuta mtu anayetafuta kuishi kwa amani na ardhi, mbali na sheria alizorithi bila kuzielewa, na anayekaribia kukata tamaa. Tena ile sehemu inayotisha kwa jina, Mtu Mkuu, ndiyo fupi kuliko zote. Haifiki dakika mbili. Mtunzi anayeabudu wazo hasemi habari zake kwa dakika moja na nusu kisha akapita. Lakini kava lilikwisha kutoka, na Italia ya mwaka ule haikuwa na subira ya kukaa na kamusi. Wakahesabiwa kuwa watu wa mrengo wa kulia. RAI, redio ya taifa, haikuwapa nafasi. Na RAI ndiyo redio pekee iliyoruhusiwa kutangaza nchini Italia. Mpaka mahakama ya katiba ilipofungua mlango mwaka 1976, ndani ya nchi hapakuwa na redio nyingine halali ya kupelekea wimbo wako. Sisi tuliokua na redio moja ya taifa mpaka miaka ya 1990 tunajua maana ya kufungiwa mlango huo.

Naamini kava lile lilikuwa kosa. Ukibandika uso huo mbele ya kazi yako, usimlaumu anayekataa kuingia ndani. Lakini adhabu ilikuwa kubwa kuliko kosa: bendi ilisambaratika baada ya albamu hiyo moja.

Nirudi kwenye sauti, maana ndiyo kazi yangu.

Giza la rekodi ya 1973 linatoka kwenye chombo kimoja hasa, Mellotron. Nimewahi kukiona kwa video tu, kikiwa kimefunguliwa mgongo, na nilirudia kuitazama kama mtoto anayetazama saa iliyobomolewa. Nje ni kinanda cha vibonye 35. Ndani, chini ya kila kibonye, kuna utepe wa sumaku wenye sauti iliyokwisha kurekodiwa: fidla, filimbi, au watu wanaoimba. Ukibonyeza, utepe unavutwa kupita kwenye kichwa cha kusomea na unaisikia sauti ya fidla halisi, iliyopigwa siku fulani Uingereza na mtu usiyemjua. Una kama sekunde nane. Zikiisha, utepe umefika mwisho na sauti inakatika. Ukiachia kibonye, springi inaurudisha utepe mwanzo, tayari kwa safari nyingine. Kwa hiyo mpigaji hawezi kushikilia noti apendavyo. Lazima atembeze vidole, aachie, abonyeze upya, na injini ikichoka sauti zote zinayumba kwa pamoja. Hiyo ndiyo inayokufanya uhisi kwamba kuna umati wa watu nyuma ya ukuta. Corradi anapoleta wimbo mkuu wa *Zarathustra* kwa mara ya kwanza kwenye Mellotron, kila noti imebeba ukungu wake.

Ongeza juu ya hilo ngoma zilizobanwa nyuma, gitaa lililojaa hadi kukwaruza, na besi inayotambaa chini chini. Ni rekodi yenye matope. Naipenda hivyo hivyo.

Kisha miaka ikapita. Golzi alikwenda kuwa mmoja wa waanzilishi wa Matia Bazar, 1975, na hapo maisha yake yakageuka kabisa. Matia Bazar ni muziki wa pop, nyimbo za redio, mavazi mazuri. Walishinda Sanremo mwaka 1978, wakashinda tena 2002. Huyu ndiye mtu aliyepiga ngoma za Hekalu la Saa za Mchanga. Sasa anapiga nyimbo ambazo nchi nzima inaimba jikoni. Mwaka 2000 yeye na Moreno walilifufua jina la Museo Rosenbach kwa albamu iitwayo *Exit*, lakini aliyeimba hakuwa Galifi, na kwangu mimi mwili ulirudi bila sauti yake.

Waliomrudisha Galifi ni vijana. Genova, mpigaji vinanda Elisa Montaldi alianzisha bendi na kuiita Il Tempio delle Clessidre, yaani jina la ile sehemu ya tano ya wimbo mkuu. Wakamwendea mzee mwenyewe, wakamwomba aimbe, akaimba kwenye albamu yao ya kwanza ya 2010. Fikiria: bendi inaitwa kwa jina la kipande cha wimbo wako uliosahauliwa, na waliozaliwa baada ya wimbo huo wanakuja kukubishia hodi. Baada ya hapo njia ya kurudi kwa Moreno na Golzi ilikuwa wazi.

Ndivyo tunavyofika chumbani, 2012. Waliobaki kati ya watano ni watatu: Galifi, Golzi na Moreno. Merogno na Corradi hawamo. Moreno ameacha besi, amehamia kwenye vinanda, karibu na piano aliyokuwa nayo tangu mwanzo, na besi amempa Andy Senis. Anasaidiwa vinanda na Fabio Meggetto. Magitaa yako mawili, Sandro Libra na Max Borelli. Saba badala ya watano.

Nilipoisikiliza mara ya kwanza nilikasirika. Nilitaka ule ukungu, nao haupo. Vinanda ni safi, magitaa yamekaa kila moja mahali pake, unaweza kuonyesha kwa kidole nani yuko wapi. Niliizima kabla ya sehemu ya tatu. Baada ya wiki moja niliirudia kwa spika kubwa za studio, usiku, na safari hii nilifanya ninachofanya ninapokagua kazi ya mwenzangu: niliacha kusikiliza wimbo, nikasikiliza ngoma peke yake.

Hapo ndipo ikanishika. Golzi alikuwa na miaka 60. Mwaka 1973 alipiga kama kijana, kwa pupa, anajaza kila nafasi, na anapofika penye mabadiliko anaingia kabla ya wenzake. Mwaka 2012 anapiga vile vile vipande, anavikumbuka, lakini anaacha hewa. Kabla ya Galifi kuingia kwenye ubeti kuna kitu kama nusu ya pumzi ambacho kwenye rekodi ya zamani hakikuwepo. Mikono iliyokaa karibu miaka 40 ikisindikiza waimbaji wa pop imejifunza kuwapisha. Naona ni jambo la kugusa sana, kwamba zile nyimbo nyepesi zilizoonekana kumwondoa kwenye muziki wake ndizo zilizomrudisha akiwa mpigaji bora wa muziki huo.

Na Galifi. Sauti yake haikuwahi kuwa ya opera kama za Waitaliano wengine wa prog. Ilikuwa na mchanga ndani yake, karibu na waimbaji weusi wa Marekani. Miaka 39 imeongeza mchanga zaidi. Noti za juu anazifikia kwa kuzipanda, na unasikia akizipanda. Kwa kijana wa 1973, maneno juu ya mtu wa mwisho na mfalme wa jana yalikuwa mawazo ya kitabuni. Sasa anayeyaimba ameshakuwa mtu wa jana, amenyamaza miongo kadhaa, amerudi. Anapofika upande wa pili, kwenye wimbo wa marejeo ya milele, huwa nasimamisha kazi yoyote niliyo nayo mkononi.

Wazo hilo la marejeo kwa Nietzsche ni swali gumu: ukiambiwa utaishi maisha yako haya haya tena, bila kubadilisha hata kidogo, na maumivu yake yote, mara zisizo na mwisho, utalia au utakubali? Museo Rosenbach walikuwa na kila sababu ya kulikataa. Albamu iliwavunja. Wangeweza kurudi na nyimbo mpya tu, na kweli mwaka uliofuata walitoa mpya, *Barbarica*. Lakini kwanza walirudi kwenye ile ile, sehemu kwa sehemu, na mlango wake mweusi, wakaichukua nzima.

Kwa nini studioni, na kwa nini wote kwa mara moja? Kama fundi nina jibu langu. Ukirekodi kwa vipande unaweza kumsahihisha mzee mpaka afanane na kijana. Unamrudisha aimbe mstari mmoja mara 20, unachagua neno hapa na neno pale, unanyoosha noti, na mwishoni unapata sauti isiyo ya mtu yeyote. Ukirekodi pamoja, sauti ya ngoma inavujia kwenye mikrofoni ya mwimbaji na gitaa linavujia kwenye ngoma. Huwezi kumwondoa mmoja bila kuwajeruhi wengine. Lazima mkubali jinsi mlivyo siku hiyo. Bendi zetu za dansi zilirekodi hivyo pale RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, wote ndani ya chumba, akikosea mpiga tarumbeta mnaanza upya, na ndiyo maana mpaka leo ukiweka nyimbo zile unajua kwamba palikuwa na watu. Jukwaani kuna makofi ya kukubeba. Chumbani hakuna wa kukubeba ila mwenzako.

Mwaka 2014 ilitoka rekodi yao ya jukwaani Japani, *Live in Tokyo*, na wapenzi wengi wa prog wanaiona kuwa bora. Ina joto, nakubali. Mimi bado nachagua chumba.

Giancarlo Golzi alifariki Bordighera tarehe 12 Agosti 2015, kwa moyo, akiwa na miaka 63.

Mwezi uliopita mwalimu wa kwaya alipita studioni kuchukua nakala za wimbo wa Pasaka. Nilimpa shikamoo, nikamketisha, na kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na hakuwa na haraka, nikamwekea sehemu ya kwanza. Sikumweleza chochote. Alisikiliza mikono ikiwa juu ya magoti, macho chini, kama anavyowasikiliza vijana wapya wanaokuja kujaribiwa sauti. Gitaa lilipokolea alikunja uso kidogo, lakini hakuniambia nizime.

"Hawa wameimba wote pamoja?"

"Pamoja, mwalimu. Chumba kimoja."

"Nimesikia. Huyo wa ngoma anamngoja mwenzake."

Akanyamaza mpaka sehemu ya tano ilipoanza kupanda. Mvua ilikuwa imekatika. Aliomba karatasi na kalamu, akanisogezea, akasema nimwandikie jina la yule mpiga ngoma.